Chipsi Mara Ngapi kwa Wiki?

Muulize mkazi yeyote wa Dar es Salaam anakula chipsi mara ngapi kwa wiki, atakujibu, "Mara moja moja tu." Wala hasemi uongo. Anazikumbuka chipsi kuku za Jumamosi alizokula na wenzake, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na vicheko na ubishi wa Simba na Yanga. Zege, yaani chipsi mayai, la Jumanne usiku, alilolila kitandani huku anaperuzi simu, limeshamtoka akilini. La Alhamisi vilevile. Ndiyo maana mawaidha mengi tunayopewa kuhusu chakula cha haraka hayatuingii. Tunaambiwa ni kibaya, nasi tunajisemea moyoni kwamba sisi tunakula mara moja moja, kwa hiyo wanaoambiwa ni wengine.

Sikusudii kumkataza mtu chipsi. Nazila mwenyewe, na sioni kwa nini mtu mwenye afya njema aape kutozigusa. Ninachotaka tukiangalie ni idadi: mara ngapi kwa wiki, na jinsi hizo mara zinavyoongezeka mwaka hadi mwaka bila mhusika kukaa chini na kuamua kwamba sasa ziongezeke.

Wengi wakisikia "chakula cha haraka" fikra zao zinakimbilia kuku wa KFC, kampuni iliyofungua mgahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011 na baadaye ikaja Dar, au piza za kwenye maduka makubwa. Hivyo ni vya siku ya mshahara, tena kwa wachache. Chakula cha haraka cha Mtanzania wa kawaida kiko kwenye kibanda chenye kabati la vioo na karai la mafuta, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Januari 2022 migahawa ya KFC Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilitoka ng'ambo na meli zikachelewa, jambo lililowaudhi Wakenya wengi ambao mashamba yao ya Nyandarua yamejaa viazi. Kibanda cha Mbagala hakina shida hiyo. Viazi vinashuka kutoka Njombe na Mbeya, mayai yapo, na muuzaji anakesha. Kipo kila siku, kipo karibu na bei yake haitishi. Sifa hizo tatu ndizo zinazofanya mara moja iwe nne.

Je, idadi ina uzito kweli? Kuna utafiti mmoja wa Marekani ninaoupenda kwa sababu haukuuliza watu wanakula nini leo na kuishia hapo, bali uliwafuata kwa miaka. Unaitwa CARDIA. Ulianza mwaka 1985 na 1986 na vijana wa miaka 18 hadi 30, weusi kwa weupe, katika miji ya Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Mwaka 2005 Mark Pereira na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet matokeo ya washiriki 3,031 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wakila kwenye migahawa ya chakula cha haraka zaidi ya mara mbili kwa wiki, mwanzoni na hata mwishoni mwa kipindi hicho, waliongezeka uzito kwa wastani wa kilo 4.5 zaidi ya wale waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Pia miili yao ilizidi kuwa sugu kwa insulini, kwa kiwango cha mara mbili ya wenzao. Usugu huo ndio njia inayoelekea kwenye kisukari cha ukubwani.

Utafiti wa namna hiyo haumaanishi kwamba kila kilo ililetwa na baga. Mtu anayekula nje mara nyingi huwa na mambo mengine pia: anakaa sana, anakunywa soda, analala kidogo. Watafiti walijaribu kuondoa baadhi ya mambo ya namna hiyo kwenye mahesabu yao na tofauti ikabaki. Kwangu mimi jambo kubwa ni hizo namba mbili. Tofauti ya chini ya mara moja kwa wiki na zaidi ya mara mbili kwa wiki ni ndogo sana ukiitazama ndani ya wiki moja. Hakuna anayeihisi. Hakuna suruali inayobana kwa sababu ya sahani mbili. Inahitaji miaka 15 kuonekana, na ikionekana mtu analaumu umri.

Takwimu nyingine za huko huko Marekani zinatuhusu kwa namna ya pekee. Kituo chao cha taifa cha takwimu za afya kilipima miaka ya 2013 hadi 2016 na kukuta kwamba katika siku yoyote ile, asilimia 36.6 ya watu wazima walikuwa wamekula chakula cha haraka. Wenye miaka 20 hadi 39 walikuwa karibu asilimia 45. Wenye 60 na kuendelea, asilimia 24. Na wenye kipato kikubwa walikula zaidi kuliko wenye kipato kidogo, tofauti na tunavyodhani tukiwatazama kwenye filamu. Ujana, kazi na fedha kidogo ya ziada: hayo ndiyo yanayopandisha idadi. Sasa mfikirie kijana aliyemaliza chuo, akapata ajira ya kwanza, akapanga chumba Kimara. Ana vyote vitatu kwa wakati mmoja.

Hapa kwetu, taarifa za utafiti wa afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha kwamba mwaka 2010 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 22. Utafiti wa 2015 na 2016 ukakuta asilimia 28. Mijini hali ni nzito kuliko vijijini. Chipsi peke yake hazistahili kubebeshwa mzigo wote huo, lakini zimo.

Idadi inapanda kwa kunyemelea, na mara nyingi inapanda pale maisha yanapobadilika. Ulipokuwa nyumbani kwa wazazi, chakula cha jioni kilikuwa mezani na kutokula kulikuwa kisa cha kuulizwa. Chuoni ukajifunza kwamba chipsi kavu na soda vinatosha mpaka asubuhi. Ukaanza kazi, ukahamia mbali na mjini kwa sababu ya kodi, ukawa unafika nyumbani saa mbili na nusu usiku umebanwa kwenye basi la mwendokasi kama dagaa kwenye kopo. Kila hatua iliongeza mara moja. Baadaye akaja mwenzi, wakaja watoto, na mkono uliozoea kupokea mfuko wa chipsi ukaendelea kupokea, sasa mifuko minne.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua idadi yako ya kweli, na kumbukumbu haitakusaidia. Simu itakusaidia. Kama unalipa kwa simu, pitia ujumbe wa malipo wa miezi mitatu iliyopita na uhesabu yale ya jioni. Kama unalipa taslimu, bandika kalenda ya ukutani karibu na kitanda na uweke alama kila unapokula, kwa wiki nne, bila kujizuia wala kujisifu. Usibadilishe chochote katika wiki hizo. Ukianza kujibana siku ya kwanza utapata hesabu ya mtu mwingine, si yako.

Fanya na hesabu ya fedha, kwa kuwa wako wasiojali kilo lakini wanajali shilingi. Tuseme sahani ni shilingi 3,000 na unakula mara nne kwa wiki. Ni 12,000 kwa wiki, na 624,000 kwa mwaka, kabla hujaongeza soda na kipande cha kuku. Kwa fedha hiyo unanunua jiko na mtungi mdogo wa gesi, na chenji inabaki ya kununua maharage ya miezi mingi.

Ukishapata idadi, usikimbilie kukata zote. Zigawe kwanza. Kuna chipsi za furaha na kuna chipsi za uchovu. Za furaha ni zile za Jumamosi na marafiki, za kumpongeza mtoto aliyefaulu, za baada ya mpira. Zina watu ndani yake. Za uchovu ni zile ulizokula peke yako kwa sababu umefika umechoka, nyumbani hakuna kitu, na kibanda kiko pale pale unaposhukia. Hazikukupa raha yoyote ya maana. Ungepewa wali na maharage ungekula vilevile na kushukuru. Watu wengi wakiangalia kalenda yao watakuta za furaha ni chache mno na za uchovu ndizo zilizojaa. Hizo ndizo za kukata. Zile za furaha ziache, na uzile bila kujuta.

Watoa ushauri wengi huishia kusema, "Pika nyumbani." Anayefika Gongo la Mboto saa tatu kasoro usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri hana nafasi ya kusimamia sufuria ya maharage kwa saa mbili. Kumwambia apike ni kumwongezea zamu. Kinachowezekana ni kuhamisha kazi ya Jumanne usiku kwenda Jumapili mchana, na kupunguza njaa kabla haijafika kituoni.

Nianze na njaa, kwa sababu ndiyo inayoagiza. Mtu aliyekula mchana saa saba na kufika kituo cha nyumbani saa mbili usiku amekaa saa saba tumboni hamna kitu. Hapo harufu ya karai ina nguvu kuliko nia yoyote. Kula kitu saa kumi na moja jioni kabla hujatoka kazini: ndizi mbivu mbili, konzi ya karanga, muhogo wa kuchemsha, hata kipande cha boga. Watu wanadhani hilo ni kuongeza chakula, ila anayefika nyumbani akiwa na njaa ya kawaida anaweza kusubiri ugali dakika 15; anayefika akitetemeka hawezi.

Kwa mwenye friji, maharage au kunde za Jumapili ndiyo ukombozi. Loweka usiku wa Jumamosi, chemsha sufuria kubwa, gawa kwenye vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja. Ya siku mbili tatu yakae kwenye friji, mengine yagande. Usiyaunge yote, yaunge siku ya kula, leo kwa nazi, keshokutwa kwa nyanya na karoti, usije ukayachoka. Nyama au kuku unaweza kuvifanyia hivyo hivyo. Jioni kazi yako ni ugali au wali na mboga ya majani, na mchicha ulioukatakata tangu jana unaiva kwa dakika tano.

Asiye na friji, na ndio wapangaji wengi wa chumba kimoja, ajenge jiko lake juu ya vitu visivyooza haraka. Dagaa wakavu. Mayai. Karanga za kusaga. Choroko, ambazo tofauti na maharage zinaiva bila kulowekwa na hazimalizi gesi. Viazi vitamu na nyanya vinakaa siku kadhaa. Dagaa wa kukaanga kwa mafuta kidogo na kitunguu, ugali na tembele ni chakula cha dakika 25 kwa jiko la gesi moja. Ukichoka hata kwa hilo, mkate, mayai mawili ya kuchemsha, nyanya na nusu parachichi ni mlo kamili. Hakuna sheria inayosema chakula cha usiku ni lazima kitoke kwenye sufuria tatu.

Wapangaji wa nyumba moja wanaweza pia kupika kwa zamu. Vijana watatu wanaoelewana, kila mmoja akipika siku mbili kwa ajili ya wote, kila mtu anapata siku nne za kukuta chakula. Inahitaji uaminifu kwenye michango, najua, na hapo ndipo mipango mingi ya namna hiyo inapokufa. Kubalianeni kiasi cha fedha mapema, kiandikwe.

Halafu yupo mama lishe. Sijui kwa nini tunapozungumzia chakula cha haraka tunamsahau, na hali yeye ndiye mwenye kasi kuliko wote: ukikaa tu sahani imefika. Wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki, na pengine tikiti au ndizi pembeni. Haraka si kosa. Tatizo ni mafuta mengi, chumvi nyingi, wanga mtupu na mboga ya kupamba. Kama mama lishe wa karibu na kazini kwako anapika mpaka jioni, mwachie hotipoti asubuhi, uichukue ukiondoka. Utalipa karibu sawa na chipsi na utakula chakula.

Sasa, siku uliyoamua kula chipsi, zile vizuri. Kwanza tazama mafuta. Mafuta yaliyokaangiwa tena na tena huwa meusi na mazito, hutoa povu na moshi mapema, na harufu yake hukaa kooni. Kibanda cha namna hiyo kiache, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Tazama na rangi ya chipsi. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, na kadiri vinavyozidi kuwa vya kahawia ndivyo nayo inavyozidi. Chagua chipsi za rangi ya dhahabu, si zile zilizorudishwa kwenye karai mara mbili ili zipate moto.

Kiasi kina maana kubwa kuliko aina. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Gramu 100 za chipsi zinakaribia 300, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yameingia. Omba nusu sahani na kachumbari mara mbili. Muuzaji atakushangaa siku ya kwanza, ya tatu atakuwa amezoea. Mishkaki au kuku wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaanga, na ndizi za kuchoma zinaweza kuchukua nafasi ya chipsi kabisa pale zinapopatikana. Waambie wasinyunyize chumvi, ujinyunyizie mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo zimeshahesabiwa za kwenye mkate na mchuzi wa mchana.

Soda ningeiondoa bila mjadala. Chupa moja ya kawaida ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, na haikushibishi hata kidogo. Atakayebaki na sahani zake za chipsi zile zile na kubadilisha soda tu kuwa maji atakuwa amefanya jambo kubwa.

Nyumba yenye watoto inahitaji neno la ziada. Mzazi anayerudi usiku akiwa na mfuko wa chipsi hupokelewa kwa shangwe, na shangwe hiyo ni tamu baada ya siku ndefu. Lakini mtoto anayeona chipsi kila mzazi anapochelewa anajifunza kwamba chakula cha nyumbani ni cha siku ambazo hakuna kitu kizuri. Wekeni siku moja inayojulikana, tuseme Jumamosi. Siku nyingine leta matikiti, machungwa, au njoo mikono mitupu na hadithi. Na msifanye chipsi kuwa tuzo ya kumaliza mboga, maana hapo mmeshamwambia mtoto kwamba mboga ni adhabu. Wenzi wasioafikiana kuhusu jambo hili wasilimalize mbele ya watoto, wala saa ile mtu ameshika mfuko mkononi.

Punguza kwa hatua. Anayekula mara tano ashuke hadi nne kwa mwezi mmoja, akikata jioni moja tu anayoijua, ile yenye uchovu mkubwa zaidi, na kuiandalia chakula mapema. Mwezi unaofuata ikatwe nyingine, mpaka ibaki mara moja au mbili kwa wiki. Wanaofunga Ramadhani wana nafasi nzuri zaidi: mwezi mzima futari inaliwa nyumbani, mihogo, magimbi, viazi, uji, na mazoea ya kibanda yanakatika yenyewe. Kazi iko baada ya Idi, wiki ile ya kwanza mji unaporudi kwenye mbio zake.

Lengo la mara moja au mbili kwa wiki nililolijengea makala hii ni la mtu mzima mwenye afya. Mwenye presha, kisukari au matatizo ya figo asilifuate. Chumvi na mafuta ya sahani moja kwake ni habari nyingine, na kiasi chake apangiwe na daktari au mtaalamu wa lishe anayemjua. Na kama umeshavuka miaka 40 na hujawahi kupima presha wala sukari, nenda zahanati ya karibu wiki hii. Vipimo vyenyewe havichukui muda mrefu.